Bi. Gaudiosa Kasonso Anaondoka Mchana

Leo Ijumaa, tarehe 22 Agosti 2025, Bi. Gaudiosa Kasonso anastaafu baada ya kuitumikia Kwaya yetu kwa miaka ishirini na miwili. Ndiye aliyeianzisha. Tulipanga aage mwezi Desemba, kwa keki na soda za kutosha, lakini jina lake limetajwa kijijini kwake na kila mmoja wetu anajua maana ya hilo. Kwa hiyo wasifu huu umeandikwa mbiombio. Utasomwa mara moja hapa nyuma ya ghala la mwenzetu Andwele, Sumbawanga, kisha utachomwa.

Kwa ajili ya wenzetu wawili waliojiunga mwezi uliopita, niseme wazi kwamba sisi si kwaya. Hatujawahi kuimba hata ubeti mmoja, na Andwele akijaribu huwa tunamwomba anyamaze. Jina hilo tulilichagua kwa sababu ukimwambia mtu unakwenda mazoezi ya kwaya, haulizi swali la pili. Kazi yetu ni kuwaondoa wazee waliotajwa kwa uchawi kabla majirani zao hawajafika na mapanga. Tumewaondoa arobaini na mmoja. Wote walifika salama.

Bi. Gaudiosa ana mashine ya kusaga katika kijiji kimoja nje ya Laela, ambacho hata humu sitakiandika. Wateja wake hupanga ndoo za mahindi na ulezi sakafuni, moja nyuma ya nyingine, wakakaa nje wakisubiri. Yeye ndiye aliyegundua kwamba jina la mtu hutajwa kwenye ndoo kabla halijatajwa mdomoni. Ukiona ndoo moja imebaki peke yake, na zote zinazoletwa zinawekwa mbali nayo kidogo, ujue mwenye ndoo hiyo ana siku tatu au nne. Hakuna anayemwambia mwenzake asogeze. Kila mtu anasogeza tu.

Mara ya kwanza ilikuwa Februari 2003, na ndoo ilikuwa ya Bibi Monika, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Siku hiyo ndoo ya nyumbani kwa Bi. Gaudiosa nayo ilikuwa kwenye foleni, imegusana na ya bibi huyo. Aliisogeza kwa mguu. Siku ya nne Bibi Monika alikutwa ameuawa shambani kwake. Kila anayejiunga na Kwaya husikia habari hii kutoka kwa Bi. Gaudiosa mwenyewe, kabla hajakaribishwa hata kiti: "Mimi niliisogeza ndoo yangu." Hajawahi kuongeza neno la kujitetea.

Mwezi Mei ndoo ya Mzee Fabiani ikabaki peke yake. Andwele wakati huo alikuwa kijana mnunuzi wa mahindi kutoka Mbeya, mwenye Fuso moja bovu na maneno mengi. Bi. Gaudiosa alimfuata kwenye mizani akamuuliza kama garini kuna nafasi ya mtu. Andwele akamjibu kwa utani: "Mama, huyo mtu ana kilo ngapi?" Alipomwangalia usoni, utani ukamwishia.

Walimchukua Jumapili asubuhi, wakati kijiji kizima kiko kanisani na ukungu umefunika mashamba. Bi. Gaudiosa alibandika chungu cha maharage kwenye mafiga ya mzee na kuchochea moto, ili moshi uonekane paani na watu waamini yumo ndani. Alitaka kupata saa mbili tatu tu. Mzee Fabiani aliondoka katikati ya magunia huku akilalamika kwamba yananuka dawa.

Waliomjia walikuta mlango wazi, moto unawaka, maharage ndiyo kwanza yameiva, na fimbo yake imeegemea ukutani. Yeye hayupo. Walitimua mbio hadi barabarani. Chungu kile kipo palepale mpaka leo, kwa sababu hakuna aliyethubutu kukigusa.

Habari zilienea kwamba mzee ameyeyuka. Sisi tuliokuwa tumeshajiunga nao tulicheka sana, maana woga huo ulituhakikishia kwamba hakuna atakayefuatilia. Tukaufanya ndio utaratibu wetu. Kila nyumba tuliyoifikia, tuliacha chungu motoni. Mimi mwenyewe ndiye niliyeleta wazo la kuacha kiatu kimoja mlangoni. Tulijiona wajanja kweli kweli, na leo naona aibu kuliandika.

Katika kijiji cha Bi. Gaudiosa sasa kuna nyumba saba ambazo hakuna anayeingia. Nilipita huko Julai kwa bodaboda. Dereva alikuwa akipiga soga njia nzima, lakini tulipofika usawa wa nyumba hizo alikata hadithi katikati na kuongeza mwendo mpaka Laela. Mlango mmoja ulikuwa unafunguka na kujifunga kwa upepo, polepole, na kwa ndani niliona mafiga na chungu juu yake. Kiatu kilikuwepo pia. Nilikitambua, kwa sababu nilikiweka mimi.

Kila anayetajwa siku hizi hutajwa kwa ushahidi wetu. Huyu alikuwa rafiki wa yule aliyeyeyuka, yule alionekana akipita karibu na nyumba ya aliyeyeyuka. Tuliokoa watu huku tukiwaandalia wengine hukumu. Bi. Gaudiosa alilisema hili kikaoni miaka miwili iliyopita. Tulimwambia amechoka, apumzike kidogo. Tulimkosea, na hapa namwomba radhi mbele ya wote.

Kosa lake yeye lilitokana na huruma. Mzee Fabiani, huko kwenye joto na mbu tulikompeleka, hakuomba nguo wala fedha. Aliomba moto wake wa nyumbani uwashwe mara mojamoja, nyumba isipoe. Bi. Gaudiosa akawa anaupitia Jumapili, peke yake, bila kutuambia. Watoto wakaona moshi kwenye nyumba ya mtu aliyeyeyuka. Mwezi uliopita mtu akamwona akitoka humo, mikono imejaa majivu. Kesho yake hakuna aliyeleta ndoo. Siku zake nne zimepita kwa sababu tu wanamwogopa kuliko wote waliomtangulia, na woga huo hautadumu. Mashine yake inawashwa kila asubuhi, inanguruma tupu, inazimwa. Watoto waliokuwa wakimwamkia shikamoo toka mbali sasa wanakimbia wakimwona.

Lipo jambo moja ambalo siwezi kulieleza, na sitajifanya naweza. Mzee Fabiani alifariki tarehe 2 mwezi huu. Jumapili ya tarehe 10 Bi. Gaudiosa alishinda nasi hapa Sumbawanga, asubuhi hadi jioni, tukipanga safari yake. Siku hiyohiyo Calvin, mwenzetu anayeishi kijijini, aliona moshi paani kwa Mzee Fabiani. Calvin alikuwa mgambo, haogopi ovyo. Alisogea hadi uani akasikia harufu ya maharage yanayochemka, akarudi kinyumenyume. Tumeulizana mmoja mmoja na hakuna aliyewasha moto ule. Bi. Gaudiosa aliuliza kitu kimoja tu, kama mlango ulikuwa wazi, kama ulivyoachwa siku ile, au umefungwa. Calvin akasema umefungwa. "Basi amefika kwake," akasema mama, akaendelea kunywa chai. Sote tulikuwa tumeacha kunywa.

Mpango wetu ulikuwa ule wa siku zote: Jumapili hii, Fuso, chungu motoni. Aliukataa. "Mimi sipotei," alisema. "Mimi naondoka, na wanione naondoka." Anataka kufunga mashine kesho Jumamosi saa nne asubuhi, siku ya mnada, watu wakiwa wamejaa. Ufunguo atamkabidhi jirani yake Cornelia, ambaye mama anajua fika kwamba ndiye aliyemtaja. Atazima moto wake kwa maji mbele ya yeyote anayetaka kutazama. Kisha atatembea hadi kituo cha basi, mwendo wa nusu saa, akimuaga kila aliye njiani kwa jina lake.

Andwele alilia, halafu akakasirika. "Watakuua, mama. Wakikuua mchana kweupe, nani atasema?" Bi. Gaudiosa akamtazama kama anavyomtazama mteja aliyeleta mahindi mabichi. "Si mtasema nyinyi? Kwani mtakuwa wapi?"

Tulipiga kura mara tatu. Mara mbili alishindwa. Mara ya tatu hakuna aliyenyanyua mkono kumpinga, kwa sababu tulikuwa tumelielewa swali lake. Kwa miaka ishirini na miwili hatujawahi kuonekana pamoja. Kila mzee tuliyemwondoa aliondoka kama mtu asiye na mtu duniani, na tulitaka ionekane hivyo.

Kwa niaba ya hao arobaini na mmoja, ambao hawawezi kuwepo, ahsante mama. Umetufundisha kuona kile ambacho kila mtu anakiona na kukaa kimya. Umetugombeza ilipobidi, umetulisha ugali wa ulezi tulipochoka, na hukuwahi kutuacha tujisahau. Tunakupenda, na tunaogopa sana.

Kesho saa nne tutakuwa mlangoni kwako, wote kumi na watatu, na nyuso zetu wazi. Watakaotuona watatujua sisi ni nani, na baada ya hapo hakutakuwa na Kwaya. Sijui wangapi tutafika kituoni. Tunakutakia uzee mrefu, Mama Gaudiosa, mahali ambapo watu wanakuita kwa jina lako kwa sauti. Tembea taratibu. Usigeuke kutuangalia, tupo.

Atusaye,
katibu