Nani Atakaza Inanga ya Bibi Verediana?

Sogeeni karibu na redio, wasikilizaji wapendwa, mlioko Kasulu, Kibondo, Kakonko, na nyinyi wa sokoni Manyovu. Leo tunamkumbuka Bibi Verediana, mpiga inanga. Ametutoka akiwa na miaka sabini na tisa.

Kwa wageni wetu mliohamia huku kikazi, inanga ni ubao uliochongwa kama sinia refu, na uzi mmoja unaokwenda na kurudi juu yake. Uzi ni mmoja tu. Ukilegea mahali pamoja, umelegea wote. Shikeni hilo.

Bibi Verediana alizaliwa Kibondo. Baba yake alipiga inanga, lakini wasichana hawakufundishwa. Yeye alijifunza nyuma ya jiko, akisikiliza na kuchezesha vidole juu ya ungo. Baba alipomkuta hakumchapa. Alimpa inanga, akamwambia amwachie mama yake ungo wake.

Baadaye alihamia Kasulu, akauza unga wa muhogo. Pale sokoni palikuwa na watoto wasio na wa kuwatazama, wanaookota makopo. Akawa anawaita uani kwake jioni. Kwanza ugali, kisha inanga. Tuseme ukweli, wengi walifuata ugali, na yeye alijua. Lakini walibaki. Na kwa kuwa inanga huimbwa kwa kunong'ona, watoto waliozoea kupayuka siku nzima wakajifunza kunong'ona nyimbo za Kiha.

Mimi nilipokwenda kumhoji, nilianza maswali huku anapiga. Alinitazama, akasema, "Mtangazaji, wewe unalipwa kusema tu? Kusikiliza hawakulipi?" Nikafunga mdomo.

Lakini jambo moja aliwanyima watoto wote: kukaza uzi. Katika ukoo wao, uzi hukazwa mlango ukiwa umefungwa, na hufundishwa mtu wa damu peke yake. Bintiye, Careen, hakutaka. Alisema vidole vyake ni vya cherehani. Basi watoto walijua kupiga, ila hakuna aliyejua kukaza.

Ukoo huo una desturi nyingine. Mpigaji akifa, inanga yake hulegezwa kabla hajazikwa. Siku ya mazishi, kaka yake Bibi, Mzee Isack, akaishika inanga mbele yetu, akafungua fundo, akautoa uzi wote. Inanga ni hiyo hiyo moja. Watoto walikuwa wamejipanga kumpigia bibi yao, wakabaki wanaangalia ubao mtupu. Nilikuwepo, wasikilizaji. Iliniuma sana. Nikajua ndiyo basi.

Ndipo Ange, msichana mmoja kati ya wale watoto wa sokoni, akapiga magoti mbele ya mzee na kuomba uzi. Mzee akamuuliza nani kamfundisha kukaza.

"Ni Bibi," alisema Ange. "Alipozidiwa aliniita ndani. Akaniambia, mwana wanje, funga mlango."

Mwana wanje. Kwa Kiha, mwanangu. Mzee Isack akampa uzi. Ange akaingia ndani na inanga, akafunga mlango. Tukangoja. Alipotoka, uzi umekaza. Wakampigia bibi yao, wakanong'ona mpaka mwisho, na sisi tukapumua. Nawaambia, tulipumua kweli.

Mzee Isack aliniambia baadaye, "Nililegeza kwa mkono wangu, nikajua nimemaliza. Namshukuru Mungu sikumaliza."

Pole zetu kwa Mzee Isack, kwa Careen, na kwa watoto wote wa uani kwa Bibi, maana nao ni wafiwa. Mungu amlaze Bibi mahali pema. Nasi tuliobaki tujiulize leo: kile tunachokijua peke yetu, tumemwita nani ndani tumwonyeshe?

Tulirekodi siku ile ya mazishi. Anayepiga ni Ange. Mimi sasa nanyamaza, nisikilize, kama nilivyoambiwa.