Vitunguu vya Meza ya Dirishani

Kaka yetu, mliyemzoea kwa jina la Fundi Rangi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya watano. Anayewasomea ni mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba ile. Mmvumilie sauti ikimkwama.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970. Hesabu zilimpiga chenga. Siku moja alimchora mwalimu wa hesabu, tumbo na yote, akatolewa nje ya darasa. Mwalimu aliikunja ile picha akaitia mfukoni, na miaka mingi baadaye ilikutwa imetundikwa sebuleni kwake.

Mwaka 1975 alianza kuandika mabango, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka thelathini na sita mfululizo. Vinyozi, maduka ya dawa, milango ya madarasa, kote alipita. Herufi zake zilinyooka bila rula.

Tarehe 8 Desemba 1984 alimuoa fundi cherehani, mteja wake. Bango la duka la huyo binti alilikosea saa za kufungua mara mbili, ikabidi arudi kurekebisha. Mtu asiyekosea hata nukta hakosei saa bure, na sote tulijua. Walijaliwa watoto wawili.

Wifi yetu alifariki tarehe 19 Agosti 2011. Kaka aliosha brashi zake zote, akazifunga kwenye gazeti, akazisukuma chini ya kitanda. Miaka sita hakuchora hata mstari. Wateja walikuja, akawarudisha. “Mkono upo,” alimwambia mdogo wake, aliyekuwa amehamia kwake kumtunza. “Hamu ndiyo imeondoka naye.” Mdogo wake aliogopa sana. Alimwona kaka yake akizimika taratibu pale pale kitini, naye hana la kufanya.

Asubuhi moja ya mwaka 2017 uvumilivu ulimwishia. Aliweka birika na vitunguu vitatu kwenye meza ndogo ya dirishani, akazitoa brashi chini ya kitanda.

“Chora hivi.”

“Vitunguu?”

“Vitunguu. Havikuulizi hali, havikupi pole.”

Alikaa. Picha ya kwanza ilikuwa mbaya, mwenyewe alikiri. Kesho yake akakaa tena. Siku ya nne mdogo wake, kichwa kikiwa kwingine, alivichukua vitunguu vile akaungia mchuzi. Lo, siku hiyo nyumba haikukalika. “Umepika picha yangu,” alifoka, na chakula akasusa. Vingine vilipoletwa alisema si vyenyewe. Mdogo wake alijifungia jikoni akalia, na hakuwa analia kwa kugombezwa. Kwa miaka sita kaka yake hakuwa amekasirikia kitu chochote duniani.

Tangu hapo ikawa sheria ya nyumba: cha mezani hakiguswi. Alichora kikombe, ndala, balbu iliyoungua. Baada ya miezi mitatu akapokea bango la kinyozi, na la pili, na kazi ikarudi. Ila kila asubuhi alianza na meza yake kwanza. Kitu cha mkewe hakuwahi kukiweka pale.

Saratani ya koo iligundulika Septemba 2023. Aliugua kwa utulivu, sauti ikapungua ikawa mnong’ono. Mwezi Mei 2024 aliomba aletewe mkasi wa mkewe. Aliuweka mezani mwenyewe, kando yake kitunguu kimoja. Mkasi alichora siku kumi na tisa, akaumaliza, mpaka kutu ya kwenye msumari wake. Kitunguu alikiwekea mstari wa penseli tu. Alifariki Jumanne tarehe 4 Juni 2024, saa nne asubuhi, kitandani kwake, mdogo wake akiwa amemshika mkono ule wa kuchorea.

Ameacha binti na kijana wake, wajukuu wanne, mdogo wake huyu, na picha sitini na tatu za vitu vya nyumbani. Mungu ampokee na ampe mapumziko mema.

Tangazo moja la familia. Mtakaopita nyumbani baada ya hapa, karibuni sana, kaeni mnapopenda. Meza ya dirishani tu msiiguse. Kitunguu kimeshachipua, na mdogo wake safari hii hatakipika.