Kigae cha Kushoto mwa Mihrabu: Wasifu wa Marehemu Bi. Nezihe Sarıgöl (1948–2021)

Marehemu Bi. Nezihe Sarıgöl alizaliwa hapa Kütahya tarehe 3 Machi 1948, mtoto wa tatu wa Mzee Tahsin, muuza mbegu, na Bi. Sıdıka. Mimi ninayeusoma ni Gülten, binti wa kaka yake. Alinikataza kumpamba, kwa hiyo nitasema yaliyokuwa.

Alisoma shule ya msingi hadi mwaka 1960. Mwalimu wake alimwita Mzee Tahsin kulalamika kwamba daftari la hesabu limejaa maua.

"Hesabu zenyewe amepata?" mzee akauliza.

"Amekosa zote."

"Basi angalau maua yako sawa."

Mwezi uliofuata akampeleka kwenye karakana ya vigae.

Huko alichora kwa miaka arobaini na minne. Alitumia brashi ya manyoya ya punda na alizuia pumzi hadi mwisho wa kila mstari, ndiyo maana ukimsalimia kazini ulikuwa hujibiwi. Nyuma ya kila kigae mchoraji aliweka mshale wa kuonyesha juu. Mjengaji alitakiwa kufuata mshale, si maua, kwa sababu akiwa jukwaani, pua imegusa ukuta, haoni mchoro mzima.

Mwaka 1974 marehemu alichora vigae sitini na viwili vya kuziba mapengo katika msikiti mmoja wa zama za Waosmani mjini hapa. Mjengaji alikuwa Rıfat Sarıgöl. Jukwaa lilipoondolewa, kigae kimoja, kushoto mwa mihrabu, kilionekana kimekaa kichwa chini. Chokaa ilishashika, na kukibandua kungevunja vigae vya kale vilivyokizunguka, kwa hiyo kikaachwa. Msimamizi alimfukuza Rıfat mbele ya mafundi wote. Rıfat alikusanya vyombo vyake bila kujitetea.

Walioana tarehe 14 Juni 1975, wakapata binti mmoja, Şükran. Mwaka 1976, akipekua daftari alimonakili mishale yake, marehemu aligundua kwamba mshale wa kigae kile aliuelekeza chini. Hakumwambia mtu. Mumewe hakuitwa tena kujenga msikitini. Maisha yake yote ya kazi yaliishia kwenye mabafu ya watu. Wanaotembeza wageni nao wakaanza kusema mafundi wa kale walikigeuza makusudi, kwa unyenyekevu, maana ukamilifu ni wa Mungu. Marehemu akiwasikia alitoka nje. Aliishi na aibu hiyo miaka arobaini na mitano.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Oktoba mwaka huu, nikiwa chumbani kwake namenya tufaha, alimgeukia mumewe.

"Rıfat, kile kigae. Mshale niliukosea mimi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokishika. Niliona maua hayakai sawa na ya jirani. Nikasema huyu binti hakosei, labda ni macho yangu."

"Na walipokufukuza?"

"Ningesema, wangekufukuza wewe. Nami nilishapanga kuja kukuposa. Ningemtazama baba yako kwa uso gani?"

"Wewe mzee ni mjinga."

"Haya. Kula tufaha."

Siku ile nilimkasirikia shangazi yangu, na nilimpenda kuliko siku zote. Aliniagiza niyasome haya mbele yenu.

Alifariki Alhamisi, tarehe 11 Novemba 2021, akazikwa leo baada ya sala ya Ijumaa. Uani mwa msikiti uleule, imamu alituuliza, kama ilivyo ada, iwapo tunamhalalishia marehemu haki zetu zote, yaani kumsamehe lolote alilotukosea. Huulizwa mara tatu. Rıfat alijibu kabla ya swali la kwanza kuisha: "Nimemhalalishia zamani. Endelea."

Ameacha mume, Rıfat, binti, Şükran, wajukuu wawili, na kigae kimoja kichwa chini, ambacho ni kosa lake, wala si unyenyekevu wa mtu yeyote.

Mwenyezi Mungu amkunjulie kaburi lake, alale salama.