Kalamu Nyekundu ya Mwalimu Nuhad

Leo tunamsindikiza Mwalimu Nuhad Khalil Sayegh. Kwa kuwa hayupo kuusahihisha wasifu huu, familia inaomba radhi mapema kwa makosa ya tahajia.

Mwalimu Nuhad alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 mjini Zahle, mtoto wa pili wa marehemu Khalil Skaff na marehemu Asma. Alisoma shule ya masista hapo hapo Zahle, na mwaka 1957 akashuka Beirut kusomea ualimu. Tangu 1960 hadi alipostaafu mwaka 1998 alifundisha Kiarabu katika shule ya msingi ya mtaani kwetu Ashrafiya, na imla yake watoto waliiogopa kuliko sindano. Kalamu yake nyekundu haikujua mkubwa wala mdogo. Kadi za harusi, vibao vya bei vya muuza nyama, hata tangazo la padri mlangoni pa kanisa, vyote vilipigwa wino.

Mwaka 1962 Bwana Mitri Sayegh, mfamasia, alimwandikia barua ya posa. Ilirudi kesho yake imejaa wekundu, na chini imeandikwa: "Saba kwa kumi. Nimekubali." Walifunga ndoa tarehe 9 Septemba mwaka huo huo, wakajaliwa watoto wawili, Rima na Fuad. Bwana Mitri alitangulia mbele ya haki mwaka 2003, na mpaka mwisho alikuwa bado anazidai zile alama tatu.

Vita vilipokuja, hivi ambavyo sisi mpaka leo tunaviita "matukio" kana kwamba ni mambo ya harusini, jengo zima lilihamia handakini. Mwalimu hakuwa mtu wa kukaa bure. Aligawa madaftari, akawaambia watu waandike walichokula, walichoota, na nani kagombana na nani. Madaftari yalipokwisha wakaandika nyuma ya karatasi za dawa za Bwana Mitri. Matukio yalipotulia, wengi walitaka kuyachoma madaftari yao.

"Mwalimu, nani atasoma habari za kunguni wangu?" aliuliza Mzee Tanus, fundi viatu.

"Mimi. Lete!"

Ndivyo nyumba yake ilivyojaa masanduku ya karatasi, na ole wake aliyethubutu kusahihisha humo hata nukta. Yeye tena, Mwalimu Nuhad! Sababu yake ilikuwa Jirjis.

Jirjis alikuwa mtoto wa pekee wa Mama Jirjis wa ghorofa ya tatu, na Mwalimu alimfundisha tangu mdogo. Mwaka 1978 alikuwa na miaka kumi na saba, na kila alipoandika neno "malja", yaani handaki, aliisahau hamza, ile alama ndogo ya mwisho wa neno, kama inavyosahauliwa na nusu ya Beirut. Mwalimu akaupaka ukurasa wake wino kote.

"Mwalimu, makombora yameshindwa, kalamu yako ndiyo itaniua!" alisema Jirjis. Handaki zima liliangua kicheko.

Tarehe 11 Oktoba Jirjis alitoka kutafuta mkate. Wenye bunduki walimchukua njiani, na hajaonekana tena.

Mama Jirjis hakujua kusoma. Kila Ijumaa Mwalimu alimsomea daftari la mwanawe kurasa chache, na likiisha wanaanza upya. "Ukurasa wa mwisho uache," mama alisema. "Utanisomea akirudi." Miaka arobaini Mwalimu hakuugusa. Mama hakuvaa nguo nyeusi, na aliyemshauri aweke matanga alijibiwa: "Matanga ya nani? Mmeiona maiti?"

Novemba 2018 figo za Mwalimu zilianza kushindwa. Mama Jirjis akaenda hospitali na daftari kifuani. "Ukiondoka wewe, sauti ya mtu mwingine siitaki. Nisomee, dada yangu."

Mwalimu akasoma: "Leo kimya. Mama amepika dengu kwa wali, vitunguu vimeungua, nimenyamaza. Mwalimu kasema niandike malja mara mia. Nitaandika kesho."

"Havikuungua!" Mama Jirjis alifoka. "Mwongo mkubwa huyu!"

"Na hamza hakuweka hata hapo," Mwalimu akasema. Walicheka mpaka wakalia, mikono imeshikana, na muuguzi hakuwatoa.

Mwalimu Nuhad alifariki asubuhi ya tarehe 2 Februari 2019. Jana, tulipokuwa tukimvika, Mama Jirjis aliingia amevaa nyeusi. Akaichukua kalamu nyekundu mezani, akamwekea Mwalimu mkononi, akavifunga vidole vyake taratibu.

"Mzikeni nayo," alisema. "Yule mtoto hajaandika zile mara mia. Akamsimamie huko."

Hakuna aliyekuwa amemsikia akisema kwamba Jirjis yuko huko. Tulimketisha, tukamletea kahawa chungu ya msiba, akanywa.

Marehemu ameacha watoto Rima na Fuad, wajukuu wanne, dada yake Samia, rafiki yake Mama Jirjis, na masanduku ya karatasi ambayo yatabaki na makosa yake yote.

Upumzike kwa amani, Mwalimu, ukishamalizana na Jirjis.