Chuo Kinachouliza Habari za Mgongo

Umaima: Haloo? Nani mwenzangu?

Mehrunnisa: Nani tena! Shangazi yako. Jina halikutokea hapo?

Umaima: Yatokea namba tu, tena ngeni. Asalaam aleikum, shangazi.

Mehrunnisa: Waaleikum salaam. Mbona wanong'ona?

Umaima: Sinong'oni. Hii ndiyo sauti yangu.

Mehrunnisa: Bado na haya zako! Hujambo? Babako hajambo?

Umaima: Sote hatujambo, alhamdulillahi. Huko Kanada baridi imepungua?

Mehrunnisa: Baridi ya huku ni — (mtandao unakwaruza) — mpaka mifupani. Sikiza, sina wakati. Ile picha iko wapi?

Umaima: Nilikutumia. Nilipiga pale studio ya Makadara.

Mehrunnisa: Hiyo ni ya pasipoti, kichwa na mabega. Mimi nilisema picha ya kusimama. Mwili mzima.

Umaima: Ni ya chuo?

Mehrunnisa: Ya chuo, ndiyo. Si wao watakaokuandikia barua ya mwaliko? Bila barua hiyo ubalozi haukupi viza. Sasa wasikujue ulivyo?

Umaima: Wataka kuijua miguu yangu?

Mehrunnisa: Umaima!

Umaima: Nauliza tu, shangazi.

Mehrunnisa: Uliza kwa adabu. Urefu wako je? Na uzito?

Umaima: Uzito sijui. Nyumba hii mizani iliyoko ni ya baba, ya kupimia iliki.

Mehrunnisa: Na mgongo? Mgongo wako mzima? Haukuumi ukiinama?

Umaima: Mgongo?

Mehrunnisa: Madarasa ya huku ni marefu. Mtu hukaa kitako kutwa.

Umaima: Nikiinama au nikikaa?

Mehrunnisa: Vyote viwili! Mbona —

Umaima: Shangazi, hicho chuo kikuu kinajua kwamba mimi niliishia darasa la saba?

Mehrunnisa: Nshakueleza. Wana darasa la Kiingereza la wageni, waanza chini kabisa, ABC. Hawaulizi cheti.

Umaima: Hawaulizi cheti, wauliza mgongo.

Mehrunnisa: (Kicheko kifupi.) Tangu lini wewe ukawa na maneno? Babako asemaje?

Umaima: Baba ana furaha. Hakuna mchukuzi pale sokoni Marikiti asiyekuwa na habari. Na yule mama wa bajia hapa chini sasa aniita Profesa. "Profesa, leo chatne ya nazi au ya ukwaju?"

Mehrunnisa: Unaona! Basi usimvunje babako moyo.

Umaima: Shangazi... Waseem hajambo?

Mehrunnisa: Waseem mwanangu? Wamtakia nini?

Umaima: Salamu tu.

Mehrunnisa: Salamu tu, na umezivuta namna hiyo? (Kicheko kirefu.) Subhanallah! Wadhani nakuposa!

Umaima: Sikusema —

Mehrunnisa: Wadhani namposea Waseem!

Umaima: Picha ya mwili mzima, urefu, uzito... mtu adhani nini?

Mehrunnisa: Waseem ana mke, ana mtoto, na wa pili yuko njiani. Na posa yangu mimi ingekuja na wazee na sinia la halua, haingekuja na chuo kikuu! Nani aliyekutia hayo kichwani?

Umaima: Sadaf.

Mehrunnisa: Huyo mdogo wako mwambie asome, aache filamu. Eti posa! Ntamwambia mume wangu, acheke mpaka —

Umaima: Basi ya nini?

Mehrunnisa: Ya nini, nini?

Umaima: Picha.

(Sauti inaita kwa mbali. Mtandao unakwaruza.)

Umaima: Nani huyo aita?

Mehrunnisa: Televisheni.

Umaima: Yakuita jina lako?

Mehrunnisa: Mtandao huo. Wewe nisikize mimi. Siku ya kuhojiwa kwa viza wakikuuliza utakaa na nani, sema, kwa shangazi yangu na mumewe. Ishia hapo. Wakikuuliza kama kuna mgonjwa nyumbani, sema hakuna.

Umaima: Kwani wao huuliza kama kuna mgonjwa?

Mehrunnisa: Huenda wakauliza.

Umaima: Na yuko?

Mehrunnisa: (Mlango unafungwa upande wake.)

Umaima: Haloo? Shangazi?

Mehrunnisa: Nipo. Mama mkwe wangu ni mtu mzima tu. Uzee si ugonjwa.

Umaima: Atembea?

Mehrunnisa: Alikuwa akitembea, hata Ramadhani alikuwa — (mtandao unakwaruza) — msalani, akaanguka. Tangu siku hiyo...

Umaima: Yuko kitandani.

Mehrunnisa: Ni mtu mzima, nimekwambia. Hebu nambie, marehemu bibi yako ulipokuwa ukimgeuza, mlikuwa wawili ama peke yako?

Umaima: (Kimya.)

Mehrunnisa: Umaima? Umenipotea?

Umaima: Sikupotea. Nilikuwa peke yangu.

Mehrunnisa: Mashallah! Si nilijua? Nilimwambia mume wangu, yule mtoto alimuuguza mamangu mpaka roho ikatoka, na mgongoni mwa mama hakukuwa na kidonda hata kimoja. Mwingine atampata wapi?

Umaima: Kazi hiyo ndiyo iliyonitoa shule.

Mehrunnisa: Na thawabu yako iko kwa Mwenyezi Mungu.

Umaima: Darasa lenyewe ni siku gani?

Mehrunnisa: Utakwenda.

Umaima: Siku gani, shangazi?

Mehrunnisa: Mama akilala. Ama mke wa Waseem akija kutuona. Huku mambo hayapangwi kama —

Umaima: Kwa hivyo chuo hakuna.

Mehrunnisa: Kiko! Wallahi kiko! Barua ni ya haki na nshakuandikisha. Wangoja nithibitishe jina lako leo, ndipo waitume. Mimi si tapeli, Umaima. Mimi ni damu yako.

Umaima: Huko hakuna wauguzi wa kuajiri?

Mehrunnisa: Wako. Wajua mtu wa huku hulipwa nini kwa saa moja?

Umaima: Sijui. Lakini ndiyo maana umenikumbuka.

Mehrunnisa: Adabu! Wangapi hapo wailia Kanada? Mimi nakushika mkono, na wewe —

Umaima: Wataniuliza kama kuna mgonjwa, shangazi. Mimi nikisimama mbele ya watu hata jina langu lanipotea. Uongo ntauweza?

Mehrunnisa: Utajifunza.

Umaima: Hapana.

Mehrunnisa: Basi kaa hapo! Kaa na mama bajia wako! Ntamwomba babako anipe Sadaf.

Umaima: Sadaf yuko shule.

Mehrunnisa: Na wewe ulikuwa shule. Kwani ulikufa?

(Tuktuk inapiga honi chini.)

Mehrunnisa: Haloo? Mtandao huu jamani... haloo?

Umaima: Sadaf hatoki shule.

Mehrunnisa: Nani aliyesema?

Umaima: Mimi.

Mehrunnisa: Utamwambia babako hivyo? Wewe, wageni wakija wajificha nyuma ya pazia?

Umaima: Ndiyo, mimi.

Mehrunnisa: Kakangu hajanikatalia neno tangu tuzaliwe. Nambie utamwambia nini?

Umaima: Haya uliyoniambia. Yeye ajua nakwenda kusoma. Hajui habari za kitanda.

Mehrunnisa: Umaima, mwanangu, polepole. Babako ana presha. Tuyamalize sisi wawili, mambo ya wanawake haya —

Umaima: Mimi naitaka hiyo barua, shangazi. Naitaka sana. Sadaf akiwa shule huvichukua vitabu vyake, nikasoma mpaka ninaposhindwa, na hushindwa haraka. Naitaka.

Mehrunnisa: Basi si —

Umaima: Thibitisha jina langu. Kisha mwambie baba, kwa mdomo wako, siku zangu za darasa, na mtu utakayemwajiri wa mchana. Viza nikiulizwa, ntasema mgonjwa yuko na ana mtu wake. Usiku ntamgeuza mimi, sitachoka.

Mehrunnisa: Wanipa masharti! Mtoto niliyemfunga nepi!

Umaima: Ama usithibitishe, na Sadaf usimtaje tena.

(Sauti ile inaita tena, kwa nguvu.)

Mehrunnisa: Mtu wa mchana... Mume wangu hatakubali.

Umaima: Mamake ni wake. Atakubali.

Mehrunnisa: Ntafikiri. Usimwambie babako lolote kwa sasa, wasikia? Nipe mpaka —

Umaima: Amerudi. Yuko hapo chini avua viatu.

Mehrunnisa: Ngoja! Usimpe simu! Salio langu laisha, mwanangu, simu yakatika, hata sikusi —

Umaima: Wapiga kwa wifi ya nyumbani kwako, shangazi. Haili salio. (Kwa sauti.) Baba! Panda upesi. Dadako yuko kwenye simu, ana jambo ataka kukwambia.