Kuku wa Wamama wa Ndege

Basi la kwenda Bwera lilikuwa halijatoka Kasese, Tabisa alikuwa ameshamtilia shaka jirani yake, Kaswera wa Butembo, aliyepakata kuku.

"Ni ya kushukuru wale wamama waliruka toka ndege, na wenye walikunja miavuli yao ya kushukia," alisema Kaswera. "Waliruka kuchangishia wodi ya wazazi vitanda, binti yangu alizalia pale. Tena walivunja rekodi!"

"Rekodi ya nani?" Santuri za mumewe Tabisa zilivunjwa zote na askari, hakusahau. "Wanavunja vitu ya watu, unawapa kuku?"

"Si ya muziki, mama. Ni kushinda wote."

"Mwanamke mwenye akili anaruka ndege iko juu? Hao ni wapelelezi tu."

Basi likasimama kwenye kizuizi cha barabarani. Askari akachungulia dirishani, akamnyoshea kuku mkono. "Kuku ya nani hii?"

Kaswera akafungua mdomo; Tabisa akamkanyaga mguu.

"Usiguse, afande. Hii kuku iko na ugonjwa wa kideri."