Mchele Uliotupwa Simi-Simi

Asubuhi hiyo kahawa ya Félicité ilikuwa na tangawizi ya kukwaruza koo, na benchi lililo mbele ya meza yake, hapa mtaani Mangobo, lilishapata watu wake. Lukumani, fundi wa telefone, alikaa mwishoni, uso umemvimba kwa hasira. Hapa wanamwita Présida, kwa sababu ndiye mkubwa wa grupu la WhatsApp la mafundi wa telefone. Alilianzisha mwenyewe, fundi akikwama apate mwenzake wa kumsaidia. Masikini! Watu wakaligeuza soko: mpira, ndoa za majirani, dawa ya kiuno. Mwisho akafungua grupu la pili, akaliita Simi-Simi kama ule uwanja wa zamani wa ndege. Ukitoka nje ya mada, Présida anafuta maneno yako na kuyatupa kule. Jana alitupa mengi, na wenye maneno hayo ndio hao waliokaa naye leo.

— Présida, umenionea, alianza Tonton Gédéon, mzee wa kubadilisha betri, ambaye kila mtu anamwita Docta Batri. Juu ya nini umenitupa Simi-Simi?

— Tonton, uliandika mambo ya mchele.

— Alors?

— Alors grupu iko ya telefone! Mchele iko ya sufuria.

— Mchele iko teknolojia, alidakia Israël. Huyu wanamwita Wifi, maana anaingia katika mazungumzo yoyote bila kuombwa. Akaendelea: Mutu wa kwanza kuona mpunga, nani alimwambia atoe ganda? Ile akili iko logiciel, programu ya ndani ya kichwa.

— Israël, kunywa kahawa, alimkata Lukumani.

— Ninakunywa. Lakini Docta alisema mchele ya kwetu ya Bumba inashinda ile ya magunia ya Asia. Miye nikakatala. Ya Bumba inavimba sana. Pika na madesu, haya maharagi, utaona.

— Inavimba juu ya kuvuta maji! Docta Batri alijipiga goti. Ndiyo maneno nilisema! Weka magunia yake pembeni ya mto, asubuhi utakuta mto imeshuka.

— Donc ile mwaka mabateau ya mto ilikwama kwa muchanga...

— Ilikuwa imebeba nini? Uliza batu! Mchele!

— Kumbe! Israël alisimama kabisa. Basi na réseau, mtandao ya telefone, ni vile vile. Réseau inapita kwa hewa, na hewa iko na maji. Mama akipita na beseni ya mchele kichwani, réseau inakatika. Nimeona na macho yangu, hapa hapa!

— Miye ninapika mchele kila siku, alisema Félicité, na telefone yangu inaita bila shida.

— Juu mchele yako imeisha kupikwa! walimjibu wote wawili.

Lukumani alitaka kubaki na hasira yake, kicheko kikamponyoka. Hapo ndipo palipomuuma. Aliwapenda hawa watu jamani, na Docta ndiye aliyemfundisha kazi tangu hajui hata kushika bisibisi. Lakini grupu lilikuwa linakufa. Mafundi wazuri walikuwa wanatoka mmoja mmoja, bila kuaga. Usiku hakulala vizuri, na asubuhi alikuja na neno moja tumboni.

— Tonton, nitawatoa kwa grupu. Weye na Israël.

Docta aliweka kikombe chini polepole.

— Unitoe miye, Lukumani?

— Grupu iko ya kusaidia batu. Mutu akiuliza, ajibiwe.

— Na miye nilikuwa ninajibu! Kuko mutu aliuliza mambo ya mchele. Ninajibu, unafuta.

— Nani aliuliza?

— Nitajua wapi? Ulimufuta na yeye.

Hapo hapo pikipiki ilisimama mbele yao. Akashuka msichana, ameshika kwa mikono miwili mfuko wa plastiki uliojaa mchele. Katikati ya mchele ilionekana telefone.

— Mbote, bapapa. Miye ni Philomène. Nimefungua meza yangu ya kutengeneza telefone kwa soko. Ninatafuta Présida wa grupu.

— Ni miye.

— Hii ni ya mukiliya wangu wa kwanza, papa. Ilianguka ndani ya maji. Sauti za mama yake, yule mwenye alikufa, ziko ndani. Ikikufa, soko yote itasema sijue kazi. Jana niliuliza kwa grupu: niweke kwa mchele, ao nifungue mbio? Swali ikapotea. Nikasema labda niliandika vibaya. Basi nikaweka kwa mchele, nikangoja.

Lukumani aliutazama ule mchele. Alikumbuka. Aliona neno mchele, hakusoma mbele, akafuta. Kule Simi-Simi msichana hakuwa na habari nako.

— Hapana mchele, mwanangu, Docta alisema kwa sauti ndogo. Ni kufungua mbio, kukausha, kusafisha na alkoli.

— Ulijua, Tonton? aliuliza Lukumani.

— Nilijua. Nilikuwa nitasema. Nilianza kwanza na ile ya Bumba.

Hakuna aliyecheka. Docta alifuta mikono kwenye suruali, akaitoa telefone ndani ya mchele, akaanza kuifungua palepale juu ya benchi. Alipoinua kifuniko, kutu ya kijani ilikuwa imeanza kwenye ukingo. Alimwambia Israël akimbilie alkoli, na Israël akaenda bila kuongeza hata neno. Lukumani alipiga magoti kumshikia Docta taa ya telefone. Aibu ilimchoma hadi masikio, na habari ya kumtoa mtu kwenye grupu ilimtoka kichwani.

— Itapona, papa?

— Tunajaribu, alisema Docta. Tunajaribu, mwanangu.

Philomène aliwatazama kidogo, kisha akatoa telefone yake mwenyewe mfukoni, kwa heshima, kama mtu aliyekuja kujifunza.

— Basi munifundishe, bapapa. Siku ingine nikikuwa na swali, niulize kwa grupu gani?

Docta aliinamia skrubu. Lukumani aliisogeza taa karibu zaidi. Félicité aliinamisha chupa ya kahawa juu ya kikombe cha mgeni, akaitikisa, na ilikuwa tupu.